Dorothy Brooke, mama aliyewatafuta farasi wazee wa vita

Malori ya ng'ombe na mbuzi kutoka kaskazini hupita hapa kwetu Kawempe alfajiri, kwenye barabara ya Bombo, mengine yakielekea machinjioni Kalerwe. Sisi tuliozoea hata hatuyatazami. Lakini jirani yangu mmoja, aliyerudi nyumbani baada ya kuishi Uingereza kwa miaka mingi, huyasindikiza kwa macho mpaka yapotee. Siku moja alinieleza kwamba kule alikokuwa alikuwa akikatwa pauni chache kila mwezi kwa ajili ya kuwalisha punda na farasi waliozeeka katika makao yao maalumu, na kwamba wakati wa likizo aliwapeleka watoto wake kuwatazama. Nilicheka. Nikamwuliza kama nchi ile haina watu wenye njaa.

Kicheko changu hakikufika mbali, maana na mimi nina deni la punda. Kwa miaka mingi nilifanya biashara ya mahindi katika mpaka wa Suam, kutoka Bukwo kwenda upande wa Kitale. Enzi hizo barabara ya Kapchorwa hadi Suam ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha Mlima Elgon lori linakwama siku tatu. Punda hakwami. Karo za watoto wangu zilipita mgongoni mwake, na wafanyabiashara wenzangu wa Suam wanajua nisemalo.

Basi jioni ile nilimsimulia jirani habari za Dorothy Brooke, mama wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1955. Jina lake analifahamu mtu yeyote aliyewahi kushughulika na punda Kenya, ila maisha yake wengi hawayajui.

Mama huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1883, katika familia isiyokuwa na dhiki. Aliolewa na mwanajeshi, wakapata watoto, ndoa ikavunjika. Mwaka 1926 aliolewa tena, safari hii na Geoffrey Brooke, afisa wa kikosi cha wapanda farasi. Mwaka 1930 mumewe alipelekwa Cairo kuongoza wapanda farasi wa jeshi la Uingereza nchini Misri, naye bibi akamfuata. Alikuwa na miaka 47, umri ambao wake wa maofisa walitarajiwa kunywa chai bustanini na kungoja uhamisho mwingine.

Lakini yeye alikwenda Cairo na swali moja. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, jeshi la Uingereza lilikuwa na maelfu ya farasi waliopigana Sinai na Palestina. Kuwarudisha kwao kwa meli kulikuwa gharama kubwa. Wengi wakauzwa palepale Misri, na idadi yao hukadiriwa kufika 20,000. Wakaingia kwenye mikokoteni na kazi nyingine ngumu za mjini. Dorothy Brooke alitaka kujua kama wamebaki walio hai.

Hapa niongeze jambo la kwetu. Afrika Mashariki vita hiyohiyo haikuacha farasi wa kuuzwa. Mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na punda kwa maelfu, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatokana na kikosi kile cha wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu. Hao hakuna mama aliyekuja kuwatafuta. Jirani yangu alinyamaza nilipolitaja hilo, na mimi silifichi, kwa sababu habari ya Dorothy Brooke bila hilo inakuwa tamu kupita kiasi.

Turudi Cairo. Aliambiwa kwamba farasi wale walikwisha kufa zamani, lakini hakukubali. Akazunguka mitaani hadi akaanza kuwaona. Alama ya mshale waliyochomwa na jeshi ilikuwa bado inaonekana kwa baadhi yao. Wengi walikuwa wamevuka miaka 20, mbavu nje, kwato zimeharibika, wengine vipofu, na bado wanavuta. Farasi mmoja wa mwanzo kumnunua walimpa jina la Old Bill. Hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba hakuna lililowezekana ila kumpumzisha kwa njia isiyo na maumivu.

Fedha za mfukoni zilikuwa haziwezi kuwafikia wote. Aprili 1931 aliandika barua kwa gazeti la Morning Post la London, akawaeleza wasomaji walichofanyiwa wanyama waliolipigania taifa lao. Fedha zikaanza kumiminika. Iliundwa kamati, na katika muda wa miaka mitatu hivi walinunua farasi wapatao 5,000.

Na sasa nifike mahali ambapo jirani yangu alikunja uso. Wengi wa farasi hao 5,000 hawakupelekwa kwenye makao ya kula majani mpaka kufa. Walipewa maji, chakula kizuri, matandiko ya kulalia na siku chache za mapumziko, kisha wakauawa bila mateso. Dorothy Brooke aliumia, lakini aliona kwamba kumwacha mnyama aliyechakaa aendelee kuteseka ili yeye mwenyewe ajisikie mwema ni ukatili wa aina nyingine.

Jambo la pili alilojifunza ndilo linalonigusa mimi. Wenye farasi hawakuwa watu waovu. Wengi walikuwa maskini wa kutupwa, wenye njaa kama wanyama wao, na siku ambayo farasi hakuvuta watoto hawakula. Kwa hiyo mwaka 1934 alianzisha hospitali jijini Cairo, katika eneo la Sayyida Zaynab, ambayo aliipa jina la kuwakumbuka farasi wale wazee wa vita. Farasi wa jeshi walikuwa karibu wamekwisha. Hospitali ilikuwa ya farasi, punda na nyumbu wa mchukuzi wa kawaida, na matibabu yalikuwa ya bure. Mnyama akipona, anarudi kwa mwenyewe kuendelea na kazi.

Angeweza kurudi kwao na sifa zake. Alibaki na kazi hiyo hadi alipofariki Cairo Juni 1955, na huko ndiko alikozikwa. Hospitali ingalipo, na shirika lenye jina lake linafanya kazi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Kuna waliofuata njia kama yake. Elisabeth Svendsen, Mwingereza mwingine, alianza na punda wake nyumbani mwaka 1969. Makao aliyoyajenga huko Sidmouth ndiyo ambayo jirani yangu alikuwa akiyachangia. Mwaka 1987 kilifunguliwa kituo cha punda Lamu, pale ufukweni, ambako punda wagonjwa hutibiwa bure. Mgeni anaweza kupita akaangalia. Ningekuwa ninachangia kituo chochote, ningeuliza kwanza kama kinamtibu punda wa mchukuzi wa jirani, au kinawatunza tu wale wa kupigwa picha.

Swali hilo si la kale. Kenya ilianza kuruhusu machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi inayotakiwa China mwaka 2016. Wizi wa punda ukaenea vijijini, serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, na mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kukataza kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Katika miaka ile ya bei nzuri, mshirika wangu wa Bukwo alipata mnunuzi wa punda wetu mzee. Alinipigia simu kuniuliza. Nilisita muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikamwambia asimwuze.

Punda huyo bado yuko, habebi tena. Ninatuma fedha kidogo za pumba na za mtaalamu wa kumkata kwato, na mshirika wangu anaamini kwamba maisha ya Kampala yameniharibu akili. Jirani yangu ameomba twende pamoja Bukwo mvua zikipungua. Nimemwonya kwamba mgongo wa mnyama yule una makovu ya kamba zangu, na kwamba daktari wa mifugo tutakayekwenda naye huenda akatuambia tusilotaka kusikia.