Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Wasomaji wetu wa Bugene wanajua kwamba vilima vyetu vya Karagwe vilipitiwa zamani na njia kubwa ya misafara. Ilitoka Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, ikapanda kaskazini hata kufika huku kwetu, kisha ikaendelea Buganda. Kafuro, si mbali na Bweranyange alikokaa Mukama Rumanyika, palikuwa na kituo cha wafanya biashara wa Kiarabu na wa pwani. Speke alikaribishwa na Rumanyika mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876, na wote wawili waliandika sifa za ukarimu wa mfalme huyo. Sifa hizo twazipenda, na twazisimulia kila tupatapo nafasi. Lakini yatupasa kukumbuka na jambo jingine ambalo hatulisimulii sana, ya kuwa misafara ile haikubeba nguo, shanga na pembe za ndovu peke yake. Ilipitisha pia wanadamu wenye bei.

Mtu tunayetaka kusimulia maisha yake leo alikuwa mmoja wa wanadamu wenye bei, ingawa hakupita Karagwe. Barabara yake ya utumwa ilikuwa jangwa la Sahara. Yapata mwaka ule ule wa 1876, Stanley alipokuwa akiongea na Rumanyika, mtoto wa miaka kumi hivi alikuwa akipelekwa kaskazini, mbali na kijiji cha kwao Tundurma, kandokando ya mto Niger, katika nchi iitwayo Mali siku hizi. Jina lake lilikuwa Atiman. Alikuwa ameibwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa hata Algeria, na huko akawekwa sokoni kama mbuzi.

Mapadre Weupe ndio waliomkomboa. Shirika lao lilikuwa changa, limeanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, na mwanzoni mwa mwaka 1876 lilikuwa limepata msiba: mapadre watatu waliotumwa kwenda Timbuktu waliuawa jangwani kabla hawajafika. Njia ya kwenda Timbuktu ikafungwa kwa damu. Basi jambo la kustaajabisha ni kwamba mapadre waliposhindwa kuifikia nchi ile, mtoto wa nchi ile alifika kwao akiwa amefungwa. Fedha ikahesabiwa, mtoto akatolewa.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo, kwa maana ndipo lilipo swali la maisha haya yote. Mtoto anunuliwapo kwa fedha na mtu mwema badala ya mtu mbaya, je, amekuwa huru? Kamba imeondolewa, chakula kipo, hapigwi. Lakini bado wengine ndio wanaoamua atalala wapi, atasoma nini na atapelekwa wapi. Baba na mama hawapo, wala hawezi kurudi kwao. Sisi hatuoni haya kusema kwamba Atiman alipotoka mikononi mwa wauzaji alikuwa ametoka utumwani, lakini uhuru wenyewe ulikuwa bado mbali mbele yake. Huo hakuna awezaye kumnunulia mwenziwe.

Alipewa elimu na malezi Algeria, akabatizwa akaitwa Adrian. Mwaka 1881 Lavigerie alimpeleka kisiwani Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika waliokombolewa kama yeye. Mpango ulikuwa kwamba wajifunze uganga katika Chuo Kikuu cha Malta, kisha warudishwe Afrika wawe waganga na wakatekista kwa wakati mmoja. Lavigerie alitaka waishi kama watu watakaowahudumia wanavyoishi, bila kujifanya Wazungu katika mavazi wala katika nyumba. Wazo hilo lina hekima, nalo lina ukali ndani yake. Wewe uliyesoma miaka mingi Ulaya waambiwa kwamba elimu yako haitakupandisha juu ya ndugu zako hata kwa kiti cha kukalia. Si wote walioandaliwa kwa kazi hiyo waliodumu nayo, na sisi hatuwezi kuwalaumu upesi.

Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi. Mwaka huo huo Lavigerie, ambaye sasa alikuwa Kardinali, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na watu walijaa kumsikiliza Paris, London na Brussels. Kijana mganga hakuzunguka naye ili aonyeshwe kwa makutano. Alipanda meli akaja Zanzibar, akavuka pwani, akaanza safari ya miguu ya zaidi ya kilometa elfu moja. Pwani ya Tanganyika ilikuwa inaingia katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Bara nako biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Mtu aliyewahi kutembezwa kwa nguvu katika msafara, sasa alitembea katika msafara kwa hiari yake, na njia ilipita katika nchi ambamo rangi yake na upweke wake vingeweza kumrudisha utumwani.

Mwaka 1889 alifika Karema, pwani ya mashariki ya ziwa Tanganyika, mahali palipo leo katika mkoa wa Katavi. Palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakalikabidhi kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Watu waliokimbia vita na wakamata watumwa walijibanza karibu na boma hilo. Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, kapteni Joubert, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, alikuwa akiwalinda watu dhidi ya magenge ya wakamata watumwa. Hapo Karema ndipo Adrian Atiman alipotua mzigo wake. Hakujua kwamba hatauinua tena.

Alikaa Karema miaka 67.

Yafaa kuipima miaka hiyo kwa kitu tukijuacho. Alipofika, utawala wa Wajerumani ulikuwa haujakaa sawasawa katika nchi hii. Aliuona ukija, akauona ukiondoka katika Vita Kuu ya Kwanza, akawaona Waingereza wakiingia, akafa mwaka 1956, miaka mitano tu kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Alipofika, hapakuwa na padre hata mmoja mzalendo katika nchi hii. Wale wawili wa kwanza walipadirishwa mwaka 1917, nao walikuwa wana wa Bukoba yetu. Monsinyori Lechaptois, aliyeiongoza Karema tangu 1891 hata 1917, alikuja akafa, na mganga akabaki.

Kazi yake ilikuwaje? Wasomaji wenye umri wanakumbuka, au wamesimuliwa na wazazi wao, jinsi mgonjwa wa Bugene alivyobebwa kwa machela mabegani mwa majirani, saa nyingi, kupanda na kushuka, watu wakipokezana, wasijue kama wanabeba mzima au maiti. Sasa tufikiri nchi kubwa isiyokuwa na tabibu mwingine wa kumkimbilia, na kila machela ya nchi hiyo ikielekea kwenye mlango mmoja. Ndui, kuhara damu, vidonda, majeraha ya wanyama na ya mikuki, uzazi uliokwama usiku wa manane. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaja malale katika nchi za kando ya ziwa. Dawa zilitoka pwani kwa vichwa vya wapagazi, na zilipokwisha zimekwisha. Atiman hakuona aibu kujifunza dawa za miti za wenyeji, ingawa alikuwa na elimu ya Malta kichwani. Alijua kwamba mgonjwa hamwulizi mganga dawa imetoka chuo gani. Na wagonjwa wasipokuja, yeye aliwaendea kwa miguu, akifundisha dini katika vijiji vile vile alimosafisha vidonda.

Alioa binti wa Kibende, Agnes Wansahira. Jambo hili twaliona kubwa kuliko linavyosimuliwa na wengi. Mtu aliyeng'olewa katika ukoo wake, asiye na mjomba wa kumsemea wala shangazi wa kumshauri, aliingia katika ukoo wa watu wa ziwa akawa mkwe wao. Tangu hapo hakuwa tena mgeni aliyetumwa Karema, alikuwa mtu wa Karema. Mwana wao Joseph akawa padre. Mzazi wa Karagwe ataelewa uzito wake bila kuelezwa. Kwetu mwana wa kiume ndiye mlango wa nyumba, ndiye anayelihifadhi jina na shamba la migomba. Atiman alikuwa tayari amepoteza baba, mama na kijiji chote kwa nguvu za watu wengine, na bado mwanawe alipotaka kwenda kwenye njia isiyo na ndoa wala wajukuu, alimwachilia.

Yupo atakayetuuliza: je, kweli mtu huyu alichagua? Lavigerie alimchagulia uganga, wakubwa wakamchagulia Karema. Sifa ya kuchagua yatoka wapi? Swali hili ni la haki, nasi tumelifikiri. Jibu letu ni kwamba mtu aweza kupelekwa mahali kwa amri, lakini hawezi kuwekwa huko kwa amri miaka 67 akibaki mganga mwema. Miaka ilivyozidi kupita, tabibu mwenye ujuzi wake angaliweza kutafuta mshahara serikalini au katika miji ya pwani. Lavigerie mwenyewe alikufa mwaka 1892, miaka mitatu tu baada ya mtumishi wake kufika ziwani. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na mkombozi wa kulipwa fadhila. Kila asubuhi baada ya hapo mlango wa nyumba ya mganga ulikuwa wazi pande zote mbili, wa kutokea na wa kuingilia wagonjwa. Yeye aliufungua ule wa wagonjwa. Tukiutafuta uhuru wa Atiman, hatutauona siku ile fedha ilipohesabiwa Algeria. Twauona katika asubuhi hizo, ambazo ni zaidi ya elfu ishirini.

Na furaha? Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozieleza mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akiwa mzee wa miaka themanini hivi. Mtu mwenye kinyongo huwa na mengi ya kudai azeekapo, na huyu alikuwa na haki ya kudai kuliko wengi. Utoto wake uliibwa. Lakini mzee aliyezijua bei za watu hakuonekana kuiwekea bei kazi yake. Tunaowaona wakihesabu kila siku walichonyimwa hawana furaha, hata wakiwa na mali. Huyu alikoma kuhesabu mapema, akapata nafasi moyoni ya kuwapokea watu.

Twaandika haya tukiwafikiria hasa vijana wetu wa Karagwe na Kyerwa wanaomaliza vyuo vya uuguzi, utabibu na ualimu. Wengi hupangwa kazi katika vijiji, na wengine, kabla hawajafungua sanduku, wameanza kuandika barua ya kuomba uhamisho wa mjini. Twawaelewa. Nyumba ni mbovu, barabara ya masika ni tope, na mwenzako aliye Mwanza au Dar es Salaam anakutumia picha za maisha mengine. Wala hatutaki sifa za Atiman zitumiwe na wenye vyeo kama kisingizio cha kumnyima mtumishi haki yake. Anayemtaka mwingine ajitoe ili yeye mwenyewe apate faida, huyo ni ndugu wa wale wa soko la Algeria, hata akisema maneno matamu. Kujitoa hutolewa na mwenyewe. Hakudaiwi kama kodi. Serikali na Kanisa wana wajibu wa kumlipa muuguzi wa zahanati ya mbali, kumjengea nyumba na kumpelekea dawa. Hayo yakitimizwa yote, litabaki bado lile swali ambalo mshahara haulijibu, yaani kama mgonjwa anayeingia kwake asubuhi ni usumbufu au ni mtu.

Wakubwa walimkumbuka Atiman kabla hajafa, akapewa nishani za Kanisa na za serikali. Sisi twapenda zaidi ukumbusho mwingine. Sumbawanga ipo hospitali ya Jimbo yenye jina la Dakta Atiman, na wagonjwa hulitaja jina hilo kila siku bila kujua kwamba mwenye jina aliwahi kuuzwa. Dar es Salaam nako, karibu na bandari, ipo nyumba ya zamani iliyojengwa katika miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid, kwa ajili ya jamaa ya sultani, zama zile ambazo mtoto kama Atiman angaliweza kununuliwa hapo jirani na kuingizwa humo kufagia. Baadaye nyumba hiyo ikawa ya Mapadre Weupe, nao wakaipa jina. Inaitwa Atiman House. Yeye mwenyewe yuko Karema, kandokando ya ziwa, miongoni mwa watu aliowatibu.