MFALME MWENYE JINO LA BULUU

Muhula uliopita tulipokuwa tukitayarisha jarida hili, tulikwama. Wenzetu wengi waliandika insha zao nyumbani kwa simu za wazazi, na zote zikaishia kwenye simu ya mwalimu mlezi wa chama. Kompyuta ya shule haikuwa na intaneti, na waya wa simu nao ulikuwa umekatika. Mwalimu akatuambia tusibabaike. Akawasha Bluetooth kwenye simu na kwenye kompyuta. Tarakimu sita zilezile zikatokea pande zote mbili, akakubali huku na kule, na faili zikaanza kuhama moja moja. Hatukulipa hata ndururu.

Mmoja wetu akauliza, mbona kitu hiki kikaitwa jino la buluu? Tukaangua kicheko, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Basi nikajitwika kazi ya kulitafuta, na hiki ndicho nilichopata.

Hapo kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kulikuwa na mfalme wa Denmark aliyeitwa Harald. Baba yake alikuwa mfalme Gorm na mama yake Thyra. Hao ndio wale Viking, mabaharia hodari wa kaskazini ya Ulaya waliotisha pwani nyingi kwa mashua zao ndefu. Gorm alifariki yapata mwaka wa 958, naye Harald akashika usukani. Jino la Buluu lilikuwa jina lake la utani. Inasemekana alikuwa na jino bovu lililogeuka rangi. Lakini usiniapishe, kwa maana jina hilo liliandikwa kitabuni zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake.

Harald hakuwa mtu wa kukaa bure. Alitaka Denmark yote iwe chini ya mfalme mmoja, na akafaulu. Norwe nayo ikamtambua kwa muda. Yapata mwaka wa 965 alibatizwa akawa Mkristo. Masimulizi ya kale yanasema kwamba padri mmoja, Poppo, alishika chuma cha moto mkononi asiungue, na mfalme akaamini. Kisha Harald akasimamisha jiwe kubwa kijijini Jelling kwa kuwakumbuka wazazi wake. Juu yake akaagiza iandikwe kwamba ni yeye aliyeipata Denmark yote na Norwe, na kuwafanya watu wake Wakristo. Jiwe hilo lingali pale hata leo.

Kazi zake za ujenzi nazo hazikuwa mchezo. Karibu mwaka wa 980 alijenga daraja la mbao mahali paitwapo Ravning, juu ya mto na bonde lenye majimaji. Urefu wake ulikuwa kama mita 760. Hebu fikiria viwanja saba vya kandanda vilivyopangwa kimoja baada ya kingine! Wakati huohuo zilijengwa ngome kubwa za mviringo, kama ile ya Trelleborg. Ngome tano za aina hiyo zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2023. Ila ngome hazijengwi kwa maneno matupu. Mtu alilazimika kutoa jasho lake, apende asipende.

Lakini ya Mungu ni mengi. Mtawala aliyemwekea Norwe, Hakon, alimgeuka. Wajerumani nao wakampiga upande wa kusini mwaka wa 974. Pigo kubwa zaidi likatoka nyumbani mwake mwenyewe. Mwanawe wa kumzaa, Svein, alimwasi. Baba na mwana wakapigana vita. Harald akajeruhiwa, akakimbilia ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo leo ni Poland, na huko akafa yapata mwaka wa 986. Mwili wake ulirudishwa ukazikwa Roskilde. Maskini! Aliyeunganisha nchi alishindwa kuunganisha nyumba yake.

Sasa jina lake liliingiaje kwenye simu? Katika miaka ya 1990 kampuni kadhaa, zikiwemo Ericsson ya Uswidi, Nokia ya Ufini na Intel ya Marekani, zilitaka simu na kompyuta zizungumze bila waya. Mhandisi wa Intel, Jim Kardach, alikuwa amesoma habari za Harald. Akapendekeza jina hilo litumike kwa muda tu, kwani mfalme yule aliunganisha watu kama wao walivyotaka kuunganisha mashine. Majina mengine yalipokwama, hilo likabaki. Hata ile alama unayoiona ni herufi mbili za kale za watu wa Harald, H na B, zilizobandikwa pamoja.

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya karibu, kwa kawaida kama mita 10. Ile tunayotumia kuhamisha faili huruka kutoka njia hadi njia, kati ya njia 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde moja, ili isigongane na mawimbi mengine. Ni ya polepole, na video kubwa itakuchosha kungoja, lakini haili bando.

Jambo lililonigusa mimi ni hili. Harald aliunganisha kwa nguvu, na mkono wake ulipolegea, mambo yakaachana. Bluetooth haiwezi hivyo. Mwalimu alipobonyeza upande mmoja, hakuna faili iliyosonga mpaka upande wa pili nao ukubali. Hata sisi chamani tuliwalazimisha kidato cha pili walete insha, tusipate hata moja. Tulipowauliza wanataka kuandika nini, wakaleta tano. Mbili umezisoma humu.

Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kidole cha pili nacho lazima kiwe kimependa.