Mtakatifu Nikolao na Dhahabu ya Usiku



Desemba ikiingia tu, maduka ya Katoro yanaanza kuning'iniza yule babu mnene mwenye ndevu nyeupe na kofia nyekundu. Watoto wanamwita Baba Krismasi. Kumbe nyuma yake yupo askofu wa kweli, na sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba.

Nikolao alizaliwa Patara, mji wa pwani katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya 3 ikielekea ukingoni. Wazazi wake walifariki angali kijana wakamwachia mali nyingi. Baadaye akawa askofu wa Myra. Habari zake nyingi ziliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake, na mtu aliyesoma falsafa kama mimi huuliza ushahidi kwanza. Lakini kuna kisa kimoja cha mapokeo kimenishika siku hizi.

Jirani yake mmoja alifilisika, naye alikuwa na mabinti watatu. Kule haikuwa kama kwetu Usukumani, ambako ng'ombe hutoka kwa muoaji kwenda kwa wazazi wa binti. Kule baba ndiye alipaswa kumpa bintiye mali ya kwenda nayo. Hakuna mali, hakuna ndoa. Yule mzee akafikia hatua ya kutaka kuwatoa mabinti zake wakauze miili yao. Sisi wa huku machimboni hatuhitaji kuelezwa sana hapo.

Nikolao akafunga dhahabu kwenye kitambaa, akaenda usiku, akairusha dirishani, akaondoka. Binti wa kwanza akaolewa. Akafanya vivyo hivyo kwa wa pili. Mara ya tatu baba akakesha, akasikia kishindo, akamkimbiza mpaka akamshika. Nikolao akamsihi asimwambie mtu maadamu yeye yu hai.

Hebu fikiria. Huku Geita dhahabu inapimwa kwenye mzani mdogo, hata punje haipotei bila ugomvi. Yeye anarusha mfuko mzima gizani, tena anaona aibu kukamatwa!

Mapokeo yanasema alifungwa gerezani wakati wa dhuluma ya Kaisari Diokletiano, akafariki karibu mwaka 343. Mwaka 1087 mabaharia waliyachukua masalia yake kwenda Bari, Italia, na yako huko hadi leo. Waholanzi walimwita Sinterklaas, jina likavuka bahari hadi Marekani, na polepole kofia ya kiaskofu ikageuka ile kofia nyekundu ya Katoro. Wachoraji wengi bado wanamchora na mipira mitatu ya dhahabu mkononi.

Sasa langu. Krismasi iliyopita nikiwa frateri wa mwaka wa kichungaji, tulichanga tukamnunulia binti mmoja wa kwaya sare na madaftari, maana nyumbani walishaanza kuongelea kumwoza. Nikampiga picha akipokea, nikaiweka kwenye magrupu yote ya WhatsApp, na mimi nimo katikati nacheka. Shuleni wenzake wakamtania kwa wiki nzima. Jumapili iliyofuata hakuja mazoezini.

Picha nilishaifuta, ingawa watu walishaisambaza. Nilienda kwao kuomba radhi. Mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji. Binti mwenyewe alibaki ndani.