Stephen Babcock na Kipimo cha Maziwa

Mwalimu wa sayansi hatakiwi kueleza tu jambo lililogunduliwa. Hutakiwa pia kueleza njia iliyotumika kuligundua. Maisha ya Stephen Moulton Babcock, mwanakemia wa Marekani aliyechunguza maziwa kwa miaka mingi, yanafaa sana kwa kazi hiyo.

Babcock alizaliwa mwaka 1843 huko Bridgewater, katika jimbo la New York. Baada ya masomo ya nyumbani alikwenda Ujerumani, na mwaka 1879 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Kuanzia mwaka 1882 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, New York. Mwaka 1888 alihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, katika jimbo lenye wafugaji wengi.

Huko alikuta tatizo la haki. Wakulima walipeleka maziwa katika viwanda vya siagi na jibini, nao walilipwa kwa uzito. Lakini sehemu kubwa ya maziwa, karibu asilimia 87, ni maji. Siagi hutokana na mafuta, na kiasi chake hutofautiana baina ya ng'ombe na ng'ombe. Basi aliyetia maji katika maziwa yake, au aliyeengua krimu kabla ya kuyauza, alilipwa sawa na jirani yake mwaminifu. Njia za kupima mafuta zilikuwapo, lakini zilihitaji maabara na mtaalamu.

Mwaka 1890 Babcock alitangaza njia rahisi. Maziwa yaliyopimwa hutiwa katika chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa alama, kisha huongezwa asidi ya salfuriki. Asidi hiyo huyeyusha protini, na mafuta hubaki huru. Chupa huzungushwa kwa kasi katika mashine, hutiwa maji ya moto, na mafuta hupanda shingoni. Kiasi chake husomwa kwa alama, kama tusomavyo kipimajoto.

Inasimuliwa kwamba njia yake ya awali ilifaulu kwa maziwa ya ng'ombe wote wa chuo, isipokuwa mmoja. Wenzake walitaka itangazwe hivyo hivyo, lakini Babcock alikataa. Aliona kuwa kipimo kisichomtendea haki ng'ombe mmoja kingemdhulumu mkulima fulani mahali fulani. Alirudi kazini mpaka kasoro hiyo ikaondoka. Tena hakuchukua hataza ya uvumbuzi wake, bali aliuacha utumiwe na watu wote bila malipo.

Hata hivyo, mtu huyu aliyewapa watu kipimo hakuviamini vipimo kupita kiasi. Wanakemia wa wakati wake walishikilia kuwa vyakula vyenye kiasi sawa cha protini na nguvu vina thamani sawa kwa mnyama. Babcock alitilia shaka jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1907 wenzake vijana wa Wisconsin walianza jaribio lililotokana na wazo lake. Mitamba 16 iligawanywa katika makundi manne: kundi la kwanza lililishwa mmea wa mahindi tu, la pili ngano tu, la tatu oti tu, na la nne mchanganyiko wa yote matatu. Katika hesabu za kemia, vyakula hivyo vilikuwa sawa. Lakini ng'ombe wa mahindi walinawiri na kuzaa ndama wenye nguvu, ilhali wale wa ngano walidhoofika, na ndama wao walikufa. Ilidhihirika kwamba chakula kina vitu ambavyo uchunguzi wa siku zile haukuviona. Mwaka 1913, katika chuo hicho hicho, Elmer McCollum na Marguerite Davis walionyesha kuwa mafuta ya siagi yana kitu cha lazima kwa ukuaji, ambacho baadaye kiliitwa vitamini A. Babcock alifariki mwaka 1931.

Asidi ya salfuriki ni ya hatari, wala haifai katika darasa la shule ya msingi. Badala yake, mwalimu na atie maziwa mabichi ya ng'ombe katika chupa nyembamba ya kioo, na katika chupa nyingine ya namna hiyo atie nusu maziwa na nusu maji. Ziachwe usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi wanafunzi wapime kwa rula unene wa krimu iliyopanda, kisha wajadili ni malipo gani yangekuwa ya haki. Maziwa hayo yasinywewe.

Mwalimu naye ana vipimo vyake: maswali, mazoezi na mitihani. Mwanafunzi mmoja anaposhindwa na njia iliyowafaa wenzake arobaini, ni rahisi kumhesabu kuwa mzito wa akili. Yafaa kwanza kuichunguza njia yenyewe, kama Babcock alivyofanya kwa ajili ya ng'ombe mmoja.