Lane Bryant: Mjane aliyewashonea wanene, akatajirika

MWANAMKE mwenye mwili mkubwa akiingia duka la nguo Kirumba, jijini Mwanza, mara nyingi huonyeshwa gauni la fri saizi lisilomwenea, kisha huelekezwa kwa fundi cherehani. Fedha anazo, nguo hakuna. Tatizo hilo si geni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita lilimfungulia njia mjane mmoja mjini New York, Marekani.

Lena Himmelstein alizaliwa mwaka 1877 nchini Lithuania. Mwaka 1895 alifika Marekani akiwa msichana, akaanza kibarua cha ushonaji. Aliolewa na sonara, David Bryant, ambaye alifariki dunia muda mfupi baadaye na kumwachia mtoto mchanga. Inaelezwa kuwa aliweka rehani hereni za almasi alizopewa na marehemu, akapata cherehani.

Mwaka 1904 alifungua duka. Jina Lena liliandikwa Lane kwa makosa katika karatasi za benki, likabaki kuwa jina la biashara. Alianza na magauni ya wajawazito, nguo ambazo magazeti yaliona aibu kuzitangaza hadi mwaka 1911.

Wanene nao walikuwa wamesahauliwa na viwanda. Mume wake wa pili, mhandisi Albert Malsin, hakutaka kubahatisha. Alipima wateja wapatao 4,500, akaongeza takwimu za wanawake wapatao 200,000 kutoka kampuni ya bima. Akabaini kuwa wanene hawana umbo moja, bali wapo wa aina tatu. Kwa hiyo kulipanua tu gauni la mwembamba hakukutosha.

Mwaka 1923 mauzo yalifikia dola milioni 5, na nguo za wanene zilikuwa zimezipita za wajawazito. Lena alifariki mwaka 1951.

Mfanyabiashara mdogo hahitaji takwimu za bima, anahitaji daftari. Aandike kila saizi iliyoulizwa ikakosekana. Hiyo ndiyo orodha ya mzigo wake ujao. Kuhusu bei, gauni kubwa hula kitambaa zaidi, hivyo nyongeza ina sababu. Lakini iwe ya kitambaa kilichoongezeka tu. Ikizidi hapo, mteja anatozwa faini kwa mwili wake, na siku nyingine hatarudi.