Ken Olsen na nafasi tupu

Ken Olsen alizaliwa Connecticut, Marekani, mwaka 1926. Alisomea uhandisi MIT, na mwaka 1957 yeye na Harlan Anderson wakaanzisha kampuni ya Digital mjini Maynard, ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu. Walianza kwa kuuza vipande vya saketi; kompyuta zilifuata. PDP-8 ya mwaka 1965 iliuzwa kwa dola 18,000 hivi, bei ndogo kwa wakati ule.

Mimi ninayesoma vitenzi vya Kibantu navutwa zaidi na PDP-11 ya mwaka 1970. Ndani yake kadi huchomekwa katika nafasi zilizopangwa, juu ya njia moja ya ishara 56 iitwayo Unibus. Kifaa kikiomba zamu, ruhusa hutoka kwenye kichakato na kupita nafasi kwa nafasi. Kilicho karibu huipata kwanza. Nafasi ikiachwa tupu, ruhusa hukatika hapo. Kwa hiyo fundi huchomeka kadi ndogo isiyo na kazi nyingine ila kupitisha.

Kitenzi chetu nacho kina nafasi. Tukisema "piga", nafasi ya nafsi haina kitu, lakini msikilizaji anajua kuwa anaambiwa yeye. Katika isimu tunaandika Ø pale. Je, hilo ni pengo, au ni ile kadi ndogo? Naona ni kadi: haisikiki, ila inapitisha.

Olsen aliacha uongozi mwaka 1992, kompyuta binafsi zikiwa zimeteka soko. Compaq ilinunua kampuni mwaka 1998. Yeye alifariki mwaka 2011.