Melba Liston, mama aliyepanga muziki wa Uhuru Afrika

Mkaaji wa Mubambiro, Sake ama Kitshanga akiwekewa leo diski inayoitwa Uhuru Afrika, hatahitaji mtu wa kumtafsiria mwanzo wake. Anasikika mtu akisema kwa Kiswahili. Diski hiyo haikutoka Dar es Salaam wala Bukavu. Ilirekodiwa New York, Marekani, mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1960, na orkestra ya jazz ya watu zaidi ya ishirini. Jina kubwa juu ya ganda ni la Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn aliyetunga nyimbo. Lakini aliyeamua kila tarumbeta iingie wapi, na kila saksofoni inyamaze lini, ni mwanamke ambaye wengi hawamtaji: Melba Liston.

Alizaliwa Kansas City, jimbo la Missouri, tarehe 13 mwezi wa kwanza 1926. Alipokuwa na miaka saba hivi aliona tromboni dukani akaipenda, na mama yake akamnunulia. Waliozoea fanfare za makanisa ya Kimbangu wanaijua: ni ile tarumbeta ndefu yenye bomba la kusukuma na kuvuta. Mikono ya mtoto wa miaka saba haiwezi hata kufika mwisho wa bomba hilo. Mwaka mmoja baadaye alikuwa akipiga peke yake redioni. Familia ilihamia Los Angeles mwaka wa 1937, na akiwa na miaka 16 alianza kulipwa kwa kazi ya muziki, kwanza katika ukumbi wa michezo, kisha katika orkestra ya Gerald Wilson. Huko ndiko alikojifunza kuandika muziki wa wengine, yaani kupangia kila chombo sehemu yake.

Kazi hiyo ndiyo iliyomlinda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Dizzy Gillespie alimwita New York, na wanaume wa orkestra wakanung'unika kwamba bosi wao ameleta mwanamke kutoka mbali. Inasimuliwa kwamba Gillespie aliwagawia karatasi alizoandika Melba, wakajikwaa kwenye mistari ya kwanza tu. Baada ya hapo wakaanza kumwita mama.

Heshima hiyo haikumfuata kila mahali. Mwaka wa 1949 alisafiri na mwimbaji Billie Holiday katika majimbo ya kusini, ambako sheria zilikuwa zinatenga weusi na wazungu. Watu hawakuja kwa wingi, pesa zikaisha, wanamuziki wakakwama njiani. Akiwa mzee Melba alieleza wazi kwamba katika safari zile za orkestra alibakwa, na kwamba msichana aliyekuwa peke yake kati ya wanaume hakuwa na mtu wa kumlalamikia. Aliporudi California aliacha kupiga. Alifanya kazi ya ofisi katika idara ya masomo ya Los Angeles, na kwa muda akaonekana katika filimu, moja yao ile ya Musa na Amri Kumi iliyotoka 1956.

Gillespie ndiye aliyemrudisha, mwaka huohuo wa 1956, kwa safari ya Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini iliyolipwa na serikali ya Marekani. Muda mfupi baadaye alikutana na Weston, na wakaanza ushirika uliodumu miaka arobaini. Weston alikuwa mrefu kupita mlango na alikuja na wazo la sauti tu. Melba alimsikiliza kwenye piano, kisha akakaa na karatasi.

Katika kutayarisha Uhuru Afrika, Weston aliwauliza wanadiplomasia wa Afrika kule ONU ni lugha gani inayofaa kusimama kwa bara zima. Wakamjibu Kiswahili. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno ya uhuru, na Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, akayageuza na kuyasema mwenyewe. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Ilipata uhuru mwaka mmoja baadaye, mwezi wa kumi na mbili 1961.

Mbele ya Melba palikuwa na kazi ngumu. Upande mmoja kulikuwa na ngoma: Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba, na Max Roach kwenye batri. Upande wa pili kulikuwa na tarumbeta na saksofoni za watu waliozoea jazz. Mpangaji mwingine angeziweka ngoma nyuma kama pambo. Yeye aliziacha zitangulie, vyombo vya shaba vikizijibu, namna kwaya inavyomjibu anayeanzisha wimbo. Sehemu ya tatu inaitwa Bantu, ya nne Kucheza Blues, na majina hayo yanaonyesha walikotaka kufika.

Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Kongo yetu tarehe 30 mwezi wa sita. Wakati orkestra inarekodi New York, Patrice Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake Léopoldville, askari wamemzunguka. Miezi miwili baadaye aliuawa Katanga. Neno uhuru lilikuwa limeanza kugharimu damu kabla diski haijazoeleka. Mwaka wa 1964 utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini uliipiga marufuku.

Melba aliendelea kuwapangia wengi, na katika miaka ya 1970 alifundisha muziki Jamaica. Mwaka wa 1985 ugonjwa wa kiharusi ulimpooza upande mmoja. Tromboni ikaisha hapo. Aliendelea kuandika kwa kutumia kompyuta, akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Ndipo ikaja The Spirits of Our Ancestors, iliyorekodiwa 1991. Hapa Weston alileta Pharoah Sanders na Dewey Redman, wapiga saksofoni wa free jazz, ule muziki unaovunja mistari na kuachia sauti ilie inavyotaka. Wakawekwa pamoja na ngoma na genbri, chombo cha nyuzi cha Wagnawa wa Moroko. Watu wa aina hiyo hawaandikiwi kila noti. Melba aliwajengea kuta, akaacha mlango wazi.

Alifariki Los Angeles tarehe 23 mwezi wa nne 1999, akiwa na miaka 73. Karatasi zake za muziki zimehifadhiwa Chicago, katika chuo cha Columbia College.